Kishina cha Risiti

SEHEMU YA KWANZA

Waumini walikuwa wamesimama wakikiri imani wakati magari matatu yalipoingia uwanja wa kanisa. Hakuna aliyegeuza shingo mpaka waliposema "Amina." Hapo wote wakageuka kwa pamoja. Yoshua alikuwa amefika.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alijiita mwenyewe mwaka mmoja kabla, alipotangaza kwamba anawania ubunge, na kwenye mabango kutoka Mwatate hadi Voi liliandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la chama: YOSHUA, TUVUKE. Kufikia Juni 2022, jina lake la kitambulisho lilikuwa limebaki kwa makarani wa tume ya uchaguzi, IEBC, tu. Watoto waliuimba wimbo wake wakienda kuchota maji. Kina mama walimtaja kwenye mikesha. Mvua zilikuwa zimegoma kwa msimu wa nne mfululizo, mahindi yamekaukia shambani, na yale machache yaliyosimama yalikuwa yamekanyagwa na ndovu wa Tsavo. Mtu akisimama katikati ya dhiki kama hiyo na kusema "nitawavusha," ni nani wa kumwuliza tunavuka kwenda wapi?

Wakesho aliuliza. Aliuliza kimoyomoyo, lakini aliuliza.

Alikuwa mhazini wa kanisa hilo dogo la Kianglikana, mjane mwenye mwana mmoja, Mwadime, na karani mstaafu wa mizani katika shamba la mkonge. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandika uzito wa kila mzigo na jina la aliyeuleta, na mkataji mkonge asiyejua kusoma alilipwa sawasawa kwa sababu kalamu ya Wakesho haikupinda. Hivyo ndivyo alivyomwabudu Mungu pia. Hakuwa mtu wa kuanguka chini kwenye maombi wala wa kupaza sauti. Aliamka alfajiri, akasali, akasoma, akaenda kufanya haki mahali alipowekwa.

Siku ile Kasisi alikuwa na tatizo. Septemba 2021, kule Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari. Waje waabudu, wakaribishwe, wakae vitini kama waumini wengine. Agizo hilo lilijulikana na kila mtu mle ndani.

Yoshua naye alilijua. Ndiyo maana alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, kofia mkononi, huku wapambe wake wakiachwa nje. Ulipofika wakati wa shuhuda, akainua mkono kama kijana wa kipaimara.

"Baba Kasisi, sikuja na siasa," alisema. "Nimekuja na ushuhuda. Ukininyima, nitakaa."

Nani angemnyima? Alisimama hapohapo nyuma, hakuisogelea mimbari hata hatua moja, na watu wakalazimika kugeuka kumtazama. Alisimulia alivyochimba vito kule Kasigau akiwa kijana, alivyofukiwa shimoni usiku kucha udongo ukimfika kifuani, alivyomwahidi Mungu kwamba akitoka hai atawarudia watu wake. Alisimulia mama yake akibeba mtungi wa maji kichwani huku bomba la maji la chemchemi za Mzima likipita nchi ya Taita kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950. "Maji yanatupita mlangoni," alisema, na sauti ikamkatika. "Mungu aliniuliza mle shimoni: Yoshua, utakaa kimya mpaka lini?"

Kina mama walilia. Wazee walitikisa vichwa. Hata Wakesho alihisi koo likimkaza, kwa sababu kuhusu Mzima mtu yule alikuwa amesema kweli tupu.

Na ni hapo ndipo shaka yake ilipoota mizizi. Alimkumbuka Absalomu, mwana wa Daudi. Absalomu aliamka mapema akasimama kando ya njia ya langoni, na kila mwenye kesi alipopita, alimwita, akamwuliza anatoka mji gani, akamwambia kesi yake ni njema ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Laiti yeye angekuwa mwamuzi! Aliyemwinamia alimshika mkono na kumbusu. Andiko halisemi kwamba malalamiko ya watu wale yalikuwa ya uongo. Labda kesi zao zilikuwa zimekaa miaka. Kero zilikuwa za kweli, na aliyezibeba ndiye aliyekuwa na lake moyoni. Wakesho alikuwa ameisoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara alijiuliza kwa nini hakutokea hata mtu mmoja pale langoni wa kumwuliza mwana wa mfalme swali la pili.

Ushuhuda ulipokwisha, Yoshua alitoa bahasha ya kaki. "Nimeona paa linavuja. Shilingi laki tano. Msinitangaze."

Kanisa zima lilitangaza kwa vigelegele.

Baada ya ibada, Wakesho alijifungia katika chumba cha kuvalia kanzu kuhesabu. Zilikuwa noti za elfu moja, mafungu matano ya noti mia mia. Kila fungu lilifungwa kwa ukanda wa karatasi wa upana wa kidole, ukagandishwa kwa gundi. Kanda nne zilikatwa kutoka gazeti. Wa tano ulikuwa wa karatasi ya kijani iliyofifia, yenye mistari na wino wa bluu. Aliuinua karibu na dirisha.

Namba 417. Chini yake, maneno mawili ya muhuri: *Kikundi cha Maji*. Pembeni, saini iliyokatwa mkia. Wakesho hakuhitaji miwani kuijua saini hiyo, kwa maana ilikuwa yake mwenyewe.

Ulikuwa ukanda wa kishina cha risiti. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi kile cha akina mama waliochanga shilingi mia mbili mbili kila mwezi wapate kununua mabomba. Mwaka 2017 fedha zote zilitoweka, mabomba hayakuonekana, na waliambiwa kwamba vitabu vyote vya kikundi viliteketea katika moto wa nyumba ya mwenyekiti.

Mlango ulifunguka bila kubishwa. Aliyeingia alikuwa Mzee Mwandoe, mzee wa kanisa, ndiye aliyemwalika Yoshua. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, na nyumba iliyoungua ilikuwa yake.

"Mama Mwadime," aliuliza, macho yakiwa mezani, "umepata nini hapo?"

*Itaendelea*


SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: Mama Mwadime, mhazini wa kanisa, amekuta kwenye fedha za Yoshua ukanda uliokatwa kutoka kitabu cha risiti kilichodaiwa kuungua miaka mitano iliyopita. Mzee Mwandoe amemkuta akiushika. Sasa endelea.*

"Nimepata laki tano kamili, mzee," Wakesho alijibu. Kidole chake kiliusukuma ukanda chini ya daftari la sadaka. "Hazikupungua wala kuzidi."

Mzee Mwandoe alizitazama noti, akamtazama yeye, akatoka. Wakesho aliufunga ukanda kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili, na leso akaifunga kiunoni.

Jumatatu fedha zilipaswa kwenda benki Voi. Hazikwenda. Badala yake mhazini alibisha nyumbani kwa Kasisi saa moja asubuhi.

Kasisi alikuwa kijana, mwaka wake wa pili pale, mtu mwema ambaye kila mvua adimu iliponyesha alisogeza meza ya Bwana ili isilowe. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama, Askofu Mkuu alikataza mimbari. Hakukataza sadaka."

"Kasisi, kura ni Agosti 9. Huyu si muumini wa hapa. Angetuletea laki tano mwaka jana?"

"Moyo wa mtu anaujua Mungu."

"Moyo nimemwachia Mungu. Mimi nauliza fedha." Wakesho aliegemea mbele. "Makuhani waliomlipa Yuda, ziliporudishwa zile fedha walikaa wakajadiliana kama inafaa kuzitia katika hazina ya hekalu. Watu waliokwisha kumuuza Bwana, Kasisi, bado walijua kwamba fedha ina asili yake. Sisi tutashindwa hata na hao?"

Akaongeza yale aliyojifunza kwenye semina ya uraia kanisani: kwamba kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, anayemhonga mpiga kura na anayepokea wote wana hatia, faini isiyozidi shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Sheria haisemi kwamba hongo ikipitia kapu la sadaka inatakasika.

Kisha akafungua pindo la leso. Akamwonyesha ukanda, akamtajia namba, akamweleza habari ya moto. Uso wa Kasisi ulibadilika.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi nipe muda. Fedha zifungie. Nitaongea na watu wa dayosisi."

Juni ikaisha. Julai ikaingia, na Kasisi hakusema neno. Paa liliendelea kuwa lilelile, na habari ikaenea kwamba mhazini amekalia mabati ya Bwana. Niseme wazi hapa: jambo gumu kwa mtu wa imani anayemtilia shaka mgombea hodari si mgombea mwenyewe. Ni ndugu zake wa benchi moja, watu aliozika nao na kufunga nao, wanaoanza kumtazama kana kwamba shaka yake ni dhambi.

Mama Mkamburi, jirani yake wa tangu ujana, alimvamia kisimani.

"Wewe una wivu gani na baraka za watu? Yule anaomba kuliko Kasisi. Anafunga Jumatano na Ijumaa. Mke mmoja. Hanywi. Unataka nini tena?"

"Nataka risiti, Mkamburi."

"Mungu haombwi risiti!"

"Mungu siye anayegombea."

Mama Mkamburi alibeba mtungi wake na kuondoka bila kuaga. Wengine walisema Wakesho amenunuliwa na mgombea wa upande wa pili. Ukweli ni kwamba hakuwa amemchagua mtu. Wagombea wengine watatu alikuwa ameshawasikiliza na hakuona wa kumtetemesha. Lakini hawakuja na Jina la Bwana mdomoni, na mtu asiyetumia Jina hilo unaweza kumpima kama unavyompima fundi au mwalimu. Anayelitumia anakuomba umpime kwa kipimo cha juu zaidi, na Wakesho alikuwa tayari kumtendea haki hiyo.

Njaa nayo ilikuwa ikipiga kampeni. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200. Lori la Yoshua lilizunguka vijijini jioni, pakiti mbili kila nyumba, na kila pakiti ilibandikwa karatasi yenye mstari wa Biblia upande mmoja na picha yake upande wa pili. Julai 20 serikali ilipotangaza kuishusha bei hadi shilingi 100, lori halikusimama. Lilipofika kwa Wakesho lilipunguza mwendo, kisha likapita.

Usiku huohuo, saa nne, alisikia pikipiki ikizimwa mbali na nyumba, hatua zikija kwa miguu. Alikuwa Mwadime, mwanawe wa pekee, mratibu wa vijana katika kampeni ya Yoshua. Hakuwa amekanyaga nyumbani wiki mbili. Hakuamkia. Hakuketi.

"Mama, nipe kile kikaratasi."

"Kikaratasi gani?"

"Namba 417." Kijana alikuwa anatetemeka. "Nipe nikichome sasa hivi, mama. Wanajua unacho, na wamechoka kungoja."

Wakesho aliinuka polepole. Namba ile, tangu ilipotoka dirishani mwa kanisa, ilikuwa imetamkwa mara moja tu, mbele ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amevaa ukosi wa Kasisi.

*Itaendelea*


SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: Mwadime amekuja usiku kumwomba mama yake ukanda wa kijani, naye ameitaja namba ambayo Wakesho alimwambia Kasisi peke yake. Sasa endelea.*

"Nani amekutajia namba hiyo?"

"Haina maana, mama."

"Ina maana kwangu. Jibu."

Mwadime alitazama sakafu. Alikuwa na umri wa miaka 24, mrefu kama marehemu baba yake, na tangu utotoni akibanwa aliuma kidole gumba cha mkono wa kushoto, ule aliokuwa akiandikia. Sasa alikuwa anakiuma.

"Nilifunga mafungu yale mimi," alisema mwishowe. "Kwenye stoo ya Mwatate. Gazeti liliisha. Kulikuwa na sanduku la bati lenye makaratasi ya zamani, nikakata moja. Sikutazama ni nini. Naapa."

"Sanduku la nani?"

Kijana alinyamaza.

"Ni la Mwandoe?"

"Mama, akishinda nimeahidiwa kazi ofisini. Ofisi ya mbunge, mama! Unajua nimekaa miaka mingapi bila kazi? Unajua vijana wangapi hapa wanalala stendi ya Voi wakisubiri kubeba mizigo? Wewe unaniharibia kwa karatasi ya upana wa kidole!"

Wakesho aliumia. Hilo la kazi lilikuwa kweli, na mama hasikii ombi la mwanawe kama anavyosikia hotuba ya jukwaani. Hata hivyo fundo la leso hakulifungua. "Walioibiwa mle walikuwa akina mama wa hapa," alisema. "Mama Mkamburi aliuza mbuzi wake wawili kulipia mchango wa mwaka mzima. Mpaka leo anabeba mtungi. Nenda ukalale, mwanangu. Sitakupa."

Mwadime aliondoka. Pikipiki haikuwashwa mpaka alipofika barabarani.

Ijumaa, Agosti 5, ikiwa imebaki siku moja kampeni zifungwe rasmi, Yoshua mwenyewe alikuja. Hakuja na gari wala mpambe. Alitembea kwa miguu kutoka barabara kuu, jioni, viatu vimejaa vumbi jekundu, akamwamkia kwa Kidawida cha heshima na kuomba maji ya kunywa. Alipewa. Akayanywa yote, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, nimekuja uniombee."

Na akapiga magoti palepale uani, kuku wakipita.

Ningependa msomaji aelewe jinsi saa hiyo ilivyokuwa nzito. Ni rahisi kumkataa mwanasiasa mwenye kelele. Huyu alikuwa na macho ya unyenyekevu, alijua zaburi kwa moyo, na Wakesho kwa maisha yake yote hakuwahi kumnyima mtu maombi. Aliweka mkono juu ya kichwa chake. Aliomba kwa sauti ya kawaida: kwamba Mungu amjalie mtu huyu kusema kweli, mbele za watu, kabla ya Jumanne.

Yoshua hakusema "Amina."

Alisimama, akajifuta magoti. "Mama, niulize unachotaka kuuliza."

"Mwaka 2017 kikundi chetu kilimlipa mkandarasi wa mabomba ambaye hatukumwona uso. Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi." Alijibu bila kupepesa macho. "Nilikuwa bado sijaokoka. Lakini sikuzila zile fedha. Nilizirudisha. Shilingi 346,000, nilizirudisha zote kwa mjumbe wa kamati, mkono kwa mkono, naye akasaini. Miaka yote hii nimenyamaza kwa heshima ya kaburi."

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii ni kopi. Ya asili iko mahali salama."

Ilikuwa vocha ya kikundi. Kiasi kilikuwa hichohicho. Penye nafasi ya mpokeaji paliandikwa jina la Mwakio, marehemu mume wa Wakesho, na mbele ya jina palikuwa na saini.

"Jumapili utasoma hesabu kanisani," Yoshua alisema taratibu. "Ukiutaja ule ukanda, itabidi nami niitaje hii. Sipendi. Mzee alikuwa mtu mwema. Acha marehemu apumzike, mama. Acha kanisa lipate paa lake."

Akaaga kwa adabu na kushika njia.

Wakesho aliketi juu ya kigoda mpaka giza likaingia. Mwakio! Mtu aliyerudi kilomita tano kurudisha shilingi hamsini za chenji iliyozidi dukani. Aliingia ndani, akawasha taa, akafungua Biblia bila kujua anatafuta nini, na macho yakaangukia kitabu cha Yoshua, sura ya saba. Akani amechukua vitu vilivyokatazwa, amevizika katikati ya hema yake, fedha ikiwa chini. Jeshi linashindwa vitani kwa ajili ya kitu kilichofichwa katika hema moja. Na Yoshua yule, Yoshua wa kweli, anamwita Akani mwanangu, anamtaka ampe Mungu utukufu na kusema alichotenda, asimfiche.

Hema ya nani? Wakesho aliisogeza kopi ile karibu na taa, akaisoma tena kama alivyokuwa akisoma vitabu vya mizani, tarakimu kwa tarakimu, kutoka juu kwenda chini. Kwenye kona ya kulia palikuwa na tarehe.

Novemba 3, 2017.

Alisoma tena. Moyo ulimruka. Mwakio alizikwa Jumamosi, Oktoba 28, 2017. Ni siku ambayo hawezi kuichanganya na nyingine, kwa sababu nchi ilikuwa imerudia uchaguzi wa rais siku mbili kabla, baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ule wa Agosti, na nusu ya waombolezaji walihofia kusafiri. Siku vocha hii ilipotiwa saini, mume wake alikuwa kaburini siku ya sita.

"Asante, Bwana," alisema kwa sauti. Mwakio hakuiba. Saini ni ya kughushi, na aliyeghushi hakukumbuka hata tarehe ya mazishi. Jumapili angesimama na kopi hii mkono mmoja na ukanda wa kijani mkono wa pili, na mbele ya kanisa lote angemwuliza Yoshua lile swali la pili ambalo Absalomu hakuulizwa.

Aliitazama ile saini mara ya mwisho kabla ya kuikunja. Na hapo damu ikamganda.

Herufi zilikuwa zimelalia kushoto. Mwakio aliandika wima, wino mzito. Hizi zililalia kushoto, na ile k ilikuwa na mguu mrefu unaojikunja chini ya mstari. Wakesho alikuwa ameiona k hiyo kwenye kila daftari alilolinunua tangu darasa la kwanza. Alikuwa amekaa kando ya mtoto huyo mezani humuhumu, taa hiihii, akimfundisha kuandika jina la baba yake.

Akakumbuka Januari 2018. Mwadime akiingia chuo cha ufundi, karo imelipwa yote, na Mzee Mwandoe akija nyumbani na tabasamu kumweleza mjane kwamba kijana amebahatika kupata basari.

Hakulala usiku huo wala uliofuata.

Jumapili, Agosti 7, kanisa lilijaa hadi nje. Kampeni zilikuwa zimefungwa tangu jana yake na hakuna bango lililoruhusiwa uwanjani. Yoshua aliketi benchi lake la mwisho, kofia mkononi. Kando yake aliketi Mzee Mwandoe, na kando ya Mwandoe, Mwadime, akiuma kidole gumba cha kushoto. Mama Mkamburi alikuwa mbele na kina mama wenzake, wote wamevaa sare zao, na hakumtazama. Laki tano zilikuwa bado kabatini, hazijaguswa. Kasisi alimaliza matangazo, akapangusa jasho, akasema bila kumtazama mhazini usoni:

"Sasa tutasomewa hesabu za kanisa."

Wakesho alisimama. Pindo la leso lilikuwa limefungwa mafundo mawili kiunoni. Kopi ya vocha ilikuwa ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Yoshua, sura ya saba. Alitembea mpaka mbele, akageuka, akamwona mwanawe.

Kisha akafungua kinywa na kusema: "Ndugu zangu, kabla ya hesabu za kanisa, nitasoma za nyumba yangu."

Mwadime aliinuka ghafla kutoka benchini. Yoshua alimshika mkono amketishe, kijana akaukung'uta, akapiga kelele kanisa zima likasikia:

"Mama, nyamaza! Hujui yote! Muulize Kasisi ni nani aliyewasha ule moto!"

Kasisi alifika parokia hiyo miaka mitatu baada ya moto. Amejuaje aliyeuwasha, na kwa nini alinyamaza? Na je, wewe msomaji, ungekuwa Mama Mwadime, ungeendelea kusoma? Usikose sehemu ya nne Jumamosi ijayo.